Makoti Meupe ya Jovitha

Duka la mzee Leodegar lipo Kariakoo, katikati ya maduka ya vitambaa. Asubuhi na mapema huwa ameshatundika vitenge mlangoni. Futi iko shingoni, mkasi uko mkononi, na mdomo uko kazini. Sifa yake moja inajulikana mtaa mzima: hanyimi mtu nyongeza. Ukinunua kitambaa, ukalipa, atakukatia na kipande kidogo cha bure.

"Mkono mtupu haulambwi," husema. "Mteja mpe kitu, kesho atarudi."

Binti yake, Jovitha, anasoma udaktari. Mwaka huu yeye na wenzake wameanza kuingia wodini kuwaona wagonjwa. Siku za mapumziko humsaidia baba yake dukani. Jumamosi moja alimpa habari.

"Baba, nagombea uwakilishi wa darasa letu."

"Safi sana, mama! Unashindana na nani?"

"Na Klara."

"Klara anagawa nini?"

"Hagawi kitu. Anaongea tu na watu."

Mzee Leodegar alicheka mpaka akashika meza. "Basi umeshashinda. Niachie mimi."

Wiki haikuisha, akamwita Jovitha nyuma ya duka. Palikuwa na furushi kubwa. Ndani yake mlikuwa na makoti meupe ya kuvaa wodini, yameshonwa na fundi Bushiri kwa kitambaa kizuri cha tetroni. Ndani ya kila kola palidariziwa jina: Jovitha.

"Darasa zima litavaa," baba alisema. "Kila mtu akivaa, anakukumbuka. Hiyo ndiyo nyongeza yako."

Jovitha alifurahi. Makoti ya wenzake wengi yalikuwa yamechakaa. Hii si rushwa, alijiambia, huu ni msaada. Lakini kwa nini moyo ulikuwa mzito? Hakujua. Jumatatu alibeba makoti mawili tu, apime upepo kwanza.

La kwanza alimpa Selina, mwenzake wa darasa. Selina alilivaa palepale, akamkumbatia.

"Kura yangu unayo, shoga! Hata usipofanya kitu!"

Maneno hayo ya mwisho hayakumwingia Jovitha vizuri. Hata asipofanya kitu? Sasa anagombea ili iweje?

La pili alimpa Uledi, ambaye koti lake lilikuwa limetatuka begani. Uledi alilipapasa lile jipya, kisha akalirudisha.

"Dah, zuri. Lakini nikilivaa, siku ukikosea nitakusema kwa mdomo gani?"

"Mbona ni zawadi tu, Uledi?"

"Zawadi ya wiki ya uchaguzi? Haya bwana."

Jovitha alichanganyikiwa kabisa. Aliyepokea amemtia wasiwasi, na aliyekataa amemtia aibu. Kutoa kumekuwa kubaya tangu lini? Baba yake si mtu mbaya, hajawahi kumdhulumu mtu. Kichwa kilimzunguka njia nzima. Alipofika Kariakoo akapitiliza mlango wa duka lao wenyewe, akajikuta kwenye duka la dawa la jirani.

Mwenye duka hilo ni mfamasia, jina lake Sarla, lakini mtaani wanamwita Mama Dhaval. Akina mama wa jumuiya yao ya Kihindu humpa kazi ya kusimamia uchaguzi wa viongozi wao, kwa sababu haogopi mtu.

"Shikamoo, Mama Dhaval."

"Marahaba. Daktari wangu, mbona uso umekunjamana?"

Jovitha alimweleza yote. "Sielewi, mama. Hii ni zawadi au ni rushwa?"

Mama Dhaval alivua miwani. "Siku moja utakuwa daktari. Nje kuna foleni ndefu. Mgonjwa mmoja anakuletea kuku kabla hujamwona mtu. Mimi kuku sili, lakini tuseme kuku. Utamwita nani kwanza?"

"Aliyezidiwa zaidi."

"Na kuku analia chini ya meza?"

Jovitha alicheka, halafu akakunja uso tena.

"Unaona? Huyo kuku hakuletwa kukushukuru. Kaletwa akuamulie. Koti lako ni hivyo hivyo. Ukimpa mtu kitu ili akuchague, hiyo ni rushwa. Hata kiwe kidogo, hata awe anakihitaji."

"Lakini baba anatoa nyongeza kila siku."

"Baba yako anatoa mteja akishachagua mwenyewe. Na mteja anaenda nyumbani na kitambaa chake. Ukinunua kura, mwenye kura anabaki na nini? Hawezi kukudai kazi tena. Umeshamlipa."

"Hata usipofanya kitu," Jovitha alinong'ona. Sasa maneno ya Selina yalimwingia. "Nifanyeje?"

"Mwombe Selina alirudishe koti. Iambie kamati yenu ya uchaguzi ukweli kabla hawajaambiwa na wengine. Wanaweza kukuondoa, ujue. Wakikuacha, zunguka kwa wenzako, mikono mitupu. Usianze na ahadi. Waulize shida yao ni nini."

Mzee Leodegar alipoambiwa, aliumia. "Yaani mimi natoa rushwa?"

"Baba, ungependa daktari akutibu kwa sababu unaumwa, au kwa sababu umempa kuku?"

"Kuku gani tena?" Sasa ilikuwa zamu ya mzee kuchanganyikiwa.

Jovitha alimweleza taratibu. Mzee alikaa juu ya jora la kitambaa. Mwishowe akamwita Bushiri, akamwambia afumue majina yote kwenye kola.

Kamati ilimwonya Jovitha, ikamtaka alitangazie darasa kosa lake. Alisimama mbele, akasema yote. Wengine walicheka. Selina alirudisha koti huku amenuna. Jovitha aliona ameshashindwa, lakini alizunguka hivyo hivyo, akiuliza na kusikiliza. Wengi walisema jambo moja: wakiingia wodini hawana pa kuweka mabegi, na mabegi yanaibiwa.

Siku ya uchaguzi kila mtu alipiga kura peke yake, bila kuchunguliwa. Jovitha alishinda kwa tofauti ya kura chache. Alilipeleka suala la mabegi kwa wakuu wa chuo, akalifuatilia bila kuchoka, mpaka darasa likapewa chumba chenye kufuli.

Jumamosi moja Selina alikuja dukani. Yale makoti sasa yalikuwa yanauzwa kama nguo nyingine, na kola hazina jina. Alichagua moja, akalipa, lakini hakuondoka.

"Jovitha, nimepangwa wodi mbili kwa saa ileile. Sijui nimwone nani." Akatazama chini. "Ila nikwambie ukweli. Mimi nilimpigia Klara."

"Wala sijakuuliza," Jovitha alisema. "Wodi zipi hizo?"

Mzee Leodegar alisikia kila neno. Alimtazama Selina, akamtazama binti yake. Kisha akashika mkasi, akakata kipande cha kitambaa cheupe.

"Nyongeza yako, mama," alimwambia Selina. "Chukua bila wasiwasi. Uchaguzi umekwisha."