Swali Alilolificha Hadasa

Jumapili asubuhi Hadasa Penkar alikuwa jikoni kwa bibi yake, hapo Thane, akikuna nazi. Bibi alikuwa akiponda iliki. Mguu wa Bibi uliomsumbua tangu masika ulikuwa umepona, kwa hiyo mchana wangeandaa malida: sinia la pepeta tamu, yaani mchele uliopondwa bapa, lililozungushiwa matunda, ambalo Bene Israeli, jamii ya Wayahudi wa huko India, huliombea wanapomshukuru Mungu na kumkumbuka Nabii Eliya.

"Nazi imekukosea nini leo?" Bibi aliuliza.

"Nina mdahalo, Bibi."

"Basi kabishane na watu. Nazi iache."

Hadasa hakucheka. Katika ukumbi wa sinagogi vijana wangejadili kama waendelee na malida, au waiache kwa kuwa Wayahudi wa nchi nyingine hawaijui. Pande zilipangwa kwa kura, na yeye aliangukia upande wa kuiacha. Hoja kali alikuwa nayo, tena ilimchoma. Binamu zake waliokuja kutoka Israeli walikuwa wamemcheka kwa ajili ya malida: "Hayo mmeiga kwa Wahindu. Ninyi ni Wahindi wenye majina ya Kiebrania tu." Alikosa jibu siku ile. Aliogopa kwamba akiyasema maneno hayo ukumbini na watu wote wakakosa jibu, basi yatakuwa kweli.

Zamu yake ilipofika, akasema malida ina sukari nyingi na inaharibu meno. Akaketi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Abneri Ashtamkar, mpinzani wake, alishinda bila kutoka jasho. Hata hivyo alimfuata nje akiwa amenuna.

"Wiki nzima najiandaa, halafu wewe unaniletea habari za meno?"

"Si umeshinda? Unataka nini tena?"

"Nimemshinda nani? Hukusema kitu."

Mjomba Hanoki, msimamizi wa vijana, aliwasikia. "Hadasa, ndiyo hoja yako yote hiyo?"

"Ndiyo, Mjomba," alijibu, macho chini.

Mchana wote watatu walikuwa nyumbani kwa Bibi. Dua ilisomwa, sinia likapitishwa. Hadasa alichukua kipande cha ndizi, akashindwa kukila. Aliona aibu.

"Mjomba, nilikudanganya," alisema mwishowe. "Nilikuwa na hoja, nikaificha." Akaieleza yote, pamoja na kicheko cha binamu zake, mbele ya Bibi na sinia lake.

Bibi aliweka sinia mezani. Kisha akamgeukia Abneri. "Haya, bingwa. Jibu sasa."

Abneri alikaa sawa. Ni wazi alikuwa akiingoja nafasi hiyo. "Sinia huenda tulijifunza kwa majirani, sibishi. Lakini tunaliombea kwa maneno gani? Ni yale ya 'Sikiza, Ee Israeli.' Binamu zako wanasema nini wakisali?"

"Hayo hayo."

"Babu zetu wa pwani ya Konkan walikamua mafuta, na vitabu hawakuwa navyo. Ila Jumamosi, siku ya Sabato, vinu vilisimama, mpaka majirani wakawaita wakamuaji wa Jumamosi. Majirani walikuwa wakifanya kazi siku hiyo. Hapo walikuwa wanamwiga nani?"

Hadasa alifikiri. "Sawa. Lakini kama sisi ni watu wamoja, mbona wenzetu hawana malida?"

"Hilo sijalisoma," Abneri alikiri. Akamtazama Bibi.

"Hilo hata mimi silijui," Bibi alisema. "Nimeipika maisha yangu yote na sijawahi kuulizwa."

Hadasa alishangaa. Swali lilikuwa limesemwa, jibu halikupatikana, na bado malida ilikuwa pale pale, wao wakiila. Woga ukamtoka.

"Umeona?" alisema Mjomba Hanoki kwa upole. "Marabi wetu wa kale waliandika hata hoja za walioshindwa, ili zisipotee. Ukipewa upande, utetee kwa moyo wa kweli, hata kama haukupendezi. Leo asubuhi ulidhani unailinda malida. Kumbe ulimnyima Abneri nafasi ya kujibu, ukatunyima sisi nafasi ya kujifunza, na wewe ukabaki na hofu yako peke yako. Jumapili ijayo mtarudia, mbele ya wote."

"Na swali la mwisho?" Hadasa aliuliza.

Bibi alimsogezea sinia. "Hilo waulize binamu zako wakija. Mkibishana mpaka chakula kipoe, nitajua kweli ninyi ni ndugu."