Kimashine cha Sita

Umeme ulikatika saa nane mchana. Ruta ikazima taa zake zote, na hapo ndipo kimashine cha sita kiliposhika mtandao.

Yusta alikitazama kwa hasira kwanza, si kwa woga. Wiki nzima vimashine vyake sita vya gemu, vile vya kushika mkononi, vilikuwa vimeikataa ruta mpya iliyokuwa hatua mbili tu kutoka kwenye benchi. Jabiri wa Handeni ndiye aliyemuuzia. Alimkazia macho akamwambia, "Dada, hata ukiwa Dindira milimani kwenye ukungu, hivi vinashika waifai yoyote. Vyote vimetoka boksi moja." Yusta akaamini. Akafungua kibanda Manundu, Korogwe mjini, akaandika mlangoni kwamba watoto watashindana kwa mtandao. Watoto wakaja, wakabonyeza, wakaondoka wakicheka.

Fundi Godlisten alikwisha kumweleza tatizo. "Vimashine ni vya zamani, mama Angel. Vinajua kufuli la zamani la mtandao, ruta yako ina kufuli jipya. Haviwezi kuelewana."

"Kwa hiyo nimeuziwa mabubu."

"Naweza kuishusha ruta itumie kufuli la zamani. Ila hilo ni bovu, yeyote anaweza kuingia."

"Usishushe ruta. Nitamshusha Jabiri."

Na sasa, umeme ukiwa haupo Manundu nzima, kimashine cha sita kilikuwa kinaonyesha mtandao mmoja, hauna kufuli, nguvu imejaa. Tangu kinunuliwe kilikuwa kikiandika Kijapani kitupu. Leo kiliandika Kiswahili. Jina la mtandao lilikuwa NIPOKEE. Chini yake, KUBALI.

Kibanda kikanuka makapi ya katani yaliyooza kwenye maji. Hakuna shamba la katani karibu na hapo.

"Mama, kimeshika," akasema Angel, bintiye wa miaka tisa, na kabla Yusta hajanyoosha mkono, mtoto alikwisha kubonyeza.

Kuanzia hapo Angel hakukiachia. Betri iliisha, kikaendelea kuwaka. Alicheza na mtu asiyeonekana, akimjibu kwa sauti ya chini, "Ndiyo. Bado. Mama yupo." Alikataa ugali, akakataa chai. Siku ya tatu, mvua ikinyesha juu ya bati, Yusta alimnyang'anya akakiweka juu ya kabati, lakini vidole vya mtoto vilibaki vimekunjwa vilevile kama vimeshika kitu, vidole gumba vikibonyeza hewa, macho yakifuata kitu ukutani, na kutoka kifuani mwake ikaanza kutoka sauti ambayo Yusta aliijua tangu utoto wake kwenye kambi ya shamba la mkonge alikofanya kazi babu yake, sauti ya mkonge ukichunwa na mashine, jani baada ya jani, bila kupumzika, huku harufu ile ya uozo ikipanda kitandani mpaka ikamkaa Yusta kooni.

Mwingine angekimbia. Yusta alikishusha kile kimashine.

NIPOKEE. KUBALI.

"Mbwa wewe. Mwache mtoto, zungumza na mimi." Akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Kioo kikaandika: ASANTE.

Kisha kikazimika, na Angel akaendelea kuchuna mkonge kifuani.

Asubuhi alimbeba mgongoni, kimashine mkononi, hadi kwenye basi la Handeni, akampeleka kwa mganga aliyeitwa Bibi Shamsia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Weka chini hicho." Bibi hakumtazama mtoto kwanza, alitazama kimashine, akakunja uso. "Hiki nilikifunga mimi. Kilimshika mtoto wa watu, nikamfungia jini humo humo, nikakizungushia kitambaa chekundu, nikakiweka njia panda. Nani kakiokota?"

Kila mtu Handeni anajua. Kilichoachwa njia panda na kitambaa chekundu hakiguswi. Ugonjwa umewekwa pale, anayeokota anaubeba.

"Mbona hajaingia kwenye simu yangu? Wala kwenye ruta?"

"Haelewani navyo. Kufuli nililomfungia linafunguliwa na mtu tu, kwa hiari yake. Kamlete aliyeokota. Akirudishe kwa mkono wake na aseme ukweli kwa mdomo wake. Bila hivyo, huyu mtoto hafiki Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Yusta alimkuta Jabiri kwenye meza yake ya mitumba, akamshika ukosi.

"Ulisema boksi moja."

"Dada Yusta, tuongee taratibu, watu wanatazama."

"Watazame. Boksi lilikuwa na vingapi?"

"Vitano."

"Na cha sita?"

Jabiri akalamba midomo. "Ulitaka sita. Mimi nilikuwa na vitano. Nikakiona pale njia panda, kizima kabisa. Kile kitambaa nilikitupa."

"Mwongo usiye na haya. Mwanangu anakufa kwa sababu uliona aibu kusema vitano?"

Njia nzima alimtukana. Alimwambia mtu muungwana husema kilichopo, kikiwa kibovu anasema kibovu. Alimwambia hata mtoto mdogo hukiri asichokuwa nacho. Jabiri alitembea, kimashine kifuani, jasho likimtiririka.

Njia panda, jua la saa sita, Jabiri alipiga magoti mbele ya Angel aliyelazwa chini, akakiweka kimashine, akasema alichofanya. Bibi Shamsia akawasha ubani, kisha akamgeukia Yusta.

"Nani alikubali? Kila aliyekubali amefungua mlango. Nifunge mingapi?"

"Angel."

"Peke yake?"

Jabiri aliinua uso kumtazama. Yusta akakumbuka kila neno alilomtolea njiani.

"Peke yake, bibi."

"Uliza moyo wako."

"Nimesema peke yake."

Bibi akafunga mlango mmoja. Angel akatapika maji ya kijani yenye nyuzi, akalia, akaomba uji.

Wiki iliyofuata Angel alikuwa anaruka kamba nje ya kibanda. Yusta alikuwa amemwita Godlisten aishushe ruta, vile vitano vilivyobaki vifanye kazi. Godlisten akabonyeza simu yake, akahesabu.

"Vimeingia. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Na cha sita."

"Cha sita kipo njia panda Handeni."

"Hapa kipo. Kinaitwa YUSTA." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mama Angel, hebu rudi nyuma."

Yusta akarudi mpaka mlangoni. Godlisten akatazama nguvu ya mtandao ikishuka.

"Sogea sasa."

Akasogea. Ikajaa.

Angel alikuwa ameacha kamba. Alisimama kizingitini, kiganja puani. "Mama, mbona kunanuka tena?"

Yusta akafungua kinywa aseme kwamba naye alibonyeza, kwamba alidanganya mbele ya Bibi kwa sababu Jabiri alikuwa anamtazama. Kilichotoka ni sauti ya mkonge ukichunwa, jani baada ya jani, bila kupumzika.