Isale Chini ya Buti

Jalada lilianza kunuka siku ya pili. Ilikuwa harufu ya ndizi mbichi zinazoungua na maganda yake. Fabian, aliyekuwa kibarazani akimalizia kupaka rangi, alikwenda jikoni akidhani mkewe amesahau sufuria. Jiko lilikuwa baridi. Akarudi, akaiinamia karatasi, akanusa, akacheka peke yake. Wachoraji wana ujinga wao, hawaogopi mapema.

Kazi yenyewe ilikuwa jalada la kitabu cha katuni kuhusu dunia iliyokwisha. Kilimanjaro imebaki kipara, Moshi mjini ni majivu matupu, mnara wa saa umelala barabarani, na watu wachache waliosalia wanauana kwa ndoo ya maji. Mbele ya hayo yote Fabian alimweka mwanamke mwenye panga, buti lake limekanyaga jani la isale, na mikono miwili iliyokatwa imelala miguuni pake. Mikono hiyo aliichora kwa kutazama mkono wake wa kushoto, kisha akaugeuza apate na wa kulia. Mwanamke alikuwa Mektrida, mkewe, aliyesimamishwa uani kwao Uru huku akilalamika kwamba buti zinambana.

Isale Fabian alilikata kwenye kaburi la babu yake, Basili, palepale kihambani, shamba la ukoo, nyuma ya migomba.

"Hilo halikanyagwi," Mektrida alisema. "Mtu akikuletea isale umeshamsamehe, utake usitake. Unataka nikanyage msamaha wa watu?"

"Ndiyo maana nalitaka. Dunia imeisha, hakuna anayemsamehe mwenzake. Msomaji wa huku akiona hilo tu, ameelewa. Kanyaga bwana, ni picha tu."

Mektrida akakanyaga. Jani likapasuka chini ya kisigino, na Fabian akafurahi, maana lilipasuka vizuri.

Alipomaliza alilipiga picha jalada na kulituma kwa simu kwa Ronald, mchapishaji wake mjini. Ronald akajibu papo hapo, "Kaka, hii noma! Inaenda mtamboni leo leo."

Kesho yake asubuhi migomba yote ya upande wa kaburi ilikutwa imefyekwa usawa wa goti, na utomvu bado unachuruzika. Fabian akawatukana wezi. Saa sita mchana, ukungu uliposhuka kutoka mlimani na kuifunika nyumba, ng'ombe wao alilia mara moja tu, na Fabian alipofika zizini alimkuta amechinjwa kuanzia shingoni hadi kifuani, mvuke ukipanda kutoka kwenye jeraha, na Mektrida amechuchumaa kando akiwa na zile buti miguuni, akilifuta panga kwa sketi yake taratibu, huku akikohoa kikohozi kizito cha mwanamume ambacho Fabian hakuwahi kukisikia nyumbani mwake.

"Mektrida, umefanya nini?"

Mkewe akamtazama kama anavyotazamwa mgeni asiyebisha hodi. "Maji yangu yako wapi?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

Fabian alikimbilia nyumba ya zamani, kwa Bibi Margareta, mjane wa Basili. Shikamoo yenyewe aliisahau. Alieleza yote, na alipofika kwenye isale, rozari ikamponyoka bibi.

"La kaburini?" akanong'ona. "Fabian, lile ndilo lililomzuia."

"Nani, bibi?"

"Elisifa. Babu yako na yeye waligombea zamu ya maji ya mfongo, mfereji ule unaoshuka mlimani, ujana wao. Babu yako alimkata mkono mmoja, na alipoona bado anajaribu kuuziba mfongo kwa ule mwingine, akaukata na huo. Elisifa alikufa palepale kwenye maji akikohoa, ndizi zake zikiungua motoni kando ya mfongo. Babu yako akapeleka isale na mbuzi kwa wazazi wake, wakapokea, yakaisha. Isale la shina lilelile alilipanda, akaagiza tulihamishie juu ya kaburi lake siku tukimzika. Sasa umelikata, na mkeo amelikanyaga."

"Nifanye nini?"

"Mpelekee jingine palepale ulipolikata. Piga magoti. Haraka, kabla hajamchukua mke wako moja kwa moja."

Fabian alichuma isale uani kwa bibi, akaenda kupiga magoti kaburini, akalinyoosha juu ya saruji. "Elisifa," akasema, "kosa ni letu. Pokea." Ukungu ulikuwa mzito, harufu ya ndizi zinazoungua ikatanda, na kutoka kwenye visiki vya migomba akasikia kikohozi kile, kisha buti, kisha akamwona Mektrida anakuja na panga, uso umelowa damu ya ng'ombe, akasimama juu yake, akalitazama isale lililonyooshwa, akalipiga teke lianguke, akalikanyaga na kulisaga taratibu kwa kisigino, kama vile Fabian mwenyewe alivyomfundisha.

Kisha akaulaza mkono wake mwenyewe juu ya saruji ya kaburi na kuinua panga.

"Atalipa huyu," ile sauti ikasema.

Fabian alimpenda mkewe, hilo halina mjadala. Aliusukuma mkono wa Mektrida, akaweka wa kwake wa kushoto. "Chukua wangu! Mwache!"

Panga lilishuka mara mbili, maana mara ya kwanza lilikwama kwenye mfupa.

Mektrida akaanguka, na alipoamka alipiga yowe lake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe. Bibi alikuja mbio, akamfunga Fabian mkono kwa khanga huku akilia, na kabla gari halijafika akapanda isale jipya pale damu ilipomwagika.

Wiki iliyofuata Ronald alikuja hospitalini na nakala ya kwanza, amesikitika kwa ajali lakini uso unamng'aa kwa ajili ya kitabu. Akamwekea Fabian mapajani, akatoka kwenda kupokea simu. Mektrida alikuwa kitini kando ya kitanda, akimmenyea mumewe chungwa na kumtania kwamba sasa atalishwa kama mtoto mchanga. Fabian alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Kisha akatazama jalada. Mlima kipara, mnara ulioanguka, buti juu ya isale. Na chini, wa kushoto na wa kulia, mikono yake miwili.

Chumba kikaanza kunuka ndizi zinazoungua. Mektrida aliacha kumenya. Akakohoa kile kikohozi kizito, akaliweka chungwa mezani, na kisu hakukiweka.