Mpira wa Mita Nne

Inspekta alizisikia habari hizi kwa muuza mboga, kabla hata kituo hakijampigia simu. Mke wa seremala kamtilia mumewe sumu kwenye chai. Muuza mboga alisema hivyo huku akifunga fungu la mchicha, kana kwamba anataja bei.

"Nani kaona?" Inspekta aliuliza.

"Mji mzima unasema, mama."

Akaondoka na mchicha wake, lakini maneno yale yalimganda kama kupe. Mkono uliokupikia miaka kumi unageukaje siku moja? Naye alikuwa mama wa watoto wawili, kila jioni akimpakulia mtu sahani. Simu ilipolia na Koplo akataja nyumba ya kupanga yenye kisima uani, alijua tayari ni wapi anakwenda.

Seremala alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali, hai, ila hajitambui. Uani palibaki alama ya mwili kwenye mchanga uliolowa, hatua mbili kutoka mdomo wa kisima. Kando yake palikuwa na matapishi. Koplo alikuwa amezungusha utepe, na nje ya utepe walisimama wapangaji na mikono yao kiunoni.

"Mwathirika ana miaka arobaini," Koplo alisoma kwenye daftari. "Hana jeraha la kichwa. Ana mchubuko mwekundu chini ya makwapa, pande zote mbili. Kikombe cha chai nimekichukua kama kielelezo. Na pampu ya maji haipo."

"Pampu gani?"

"Mpya, afande. Ya injini ya petroli. Ililetwa juzi."

"Na mke yuko wapi?"

Koplo akaelekeza kwa kidevu. Chumba cha tatu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli upande wa nje. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mtoto mchanga, analia mpaka anakwama.

"Nani kafunga hapa?"

Mwanamke mmoja mnene, mwenye funguo nyingi kiunoni, akasogea mbele. Alikuwa ndiye mwenye nyumba.

"Mimi. Asije akakimbia."

"Fungua. Na usiniambie umepoteza ufunguo, nauona hapo."

Mke wa seremala alitoka na mtoto kifuani, macho yamevimba. Hakuuliza habari zake mwenyewe.

"Amekufa?"

"Hajafa."

Akakaa chini palepale kizingitini.

"Jana jioni watu walikusikia ukimwambia, utakufa siku moja na hiyo tabia yako," Inspekta alisema. "Ulisema?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Nilirudi kliniki na mtoto jioni, nikamkuta anayumba. Anatapika. Kichwa kinamuuma mpaka anashika ukuta. Nikajua amekunywa. Mume wangu hanywi, lakini ungemuona, afande, hata wewe ungesema kalewa. Nikamfokea, nyumba nzima ikasikia."

"Alikujibu nini?"

"Alicheka tu. Akasema, mke wangu, mimi nimelewa maji ya kisima."

Wapangaji wakaguna. Mmoja akanong'ona kwamba unaona, hata kisima amekitia sumu. Inspekta akageuka, akamtazama mpaka akaona haya.

"Asubuhi alikunywa chai?"

"Nusu kikombe. Akasema anawahi, mwanga ukitoka tu. Nikalala tena na mtoto."

"Wewe ulikunywa chai hiyohiyo?"

"Buli moja. Na mkubwa wangu alikunywa akaenda shule."

Inspekta akaandika. Kisha akamwendea mwenye nyumba.

"Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Mimi. Mtu aligonga mlango wangu, gogogo, kwa nguvu. Nikatoka, simwoni mtu. Namwona seremala chini."

"Kabla ya hapo ulisikia nini?"

"Hakuna."

"Mashine hukuisikia?"

Mwenye nyumba akakuna shingo. "Nilisikia injini, ila kwa mbali. Kama mtu kaifunika na godoro. Nikadhani ni ya mtaa wa pili. Ikanguruma, ikanguruma, ikazima yenyewe."

Inspekta akaacha kuandika. Mambo mawili hayakumwingia akilini. Mwizi wa pampu hafungi godoro kwenye injini. Na mtu aliyetaka kuua hagongi mlango ili mgonjwa apate msaada.

"Pampu ya zamani ilikuwaje?" akauliza.

"Ya umeme, ile inayozama majini. Kiangazi kilipokaza maji yakashuka, ikabaki inazunguka kavu mpaka ikaungua. Tukaambiwa tuchukue ya petroli, ina nguvu kama trekta."

"Mliambiwa na nani?"

"Na Profesa. Kaka yake huyu." Akamwonyesha mke wa seremala. "Anauza pale dukani kwenye vifaa vya maji. Watu wote wanamwita Profesa wa Pampu. Alikuja mwenyewe na shemeji yake kuifunga."

Inspekta akatembea uani taratibu, macho chini. Nyuma ya pipa la maji akaona mpira mweusi mgumu, umeviringishwa haraka haraka. Ncha moja ilikuwa na chujio la chuma lenye matope mabichi. Ulikuwa mpira wa kuvutia maji, ule unaotoka kwenye pampu kwenda majini.

"Upime," akamwambia Koplo.

"Mita nne kasoro kidogo."

"Sasa pima kisima."

Koplo akafunga jiwe kwenye uzi, akalishusha mpaka likapiga maji, akapima uzi. Akapima tena.

"Mita kumi na moja hadi kwenye maji, afande."

"Haya, niambie. Pampu iko hapa juu. Mpira una mita nne. Maji yako mita kumi na moja. Yatafikiwaje?"

Koplo akatazama mpira, akatazama shimo. "Hayafikiwi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pampu haikuwa hapa juu."

Inspekta alimwomba mke wa seremala kioo. Akaletewa kile cha kujitazamia, kimepasuka pembeni. Akasimama juani, akakiinamisha, na mwanga ukaruka ukaingia kisimani kama maji yaliyomwagwa. Wapangaji wote wakasogea. Hata mwenye nyumba alisahau kununa.

Ndani kabisa, mita nane hivi kutoka juu, mbao nne mpya zilikuwa zimelazwa juu ya vyuma vya kukanyagia. Zilikuwa zimekatwa vizuri, na jukwaa lilitulia kama rafu. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa mweusi kwa masizi.

"Hizo mbao," mke wa seremala alisema kwa sauti ndogo. "Alizikata juzi. Nikamuuliza za nini, akasema ni rafu ya mtu."

Koplo akavua kofia. "Ngoja nishuke nikachukue sampuli ya masizi."

"Ukishuka mule leo," Inspekta alisema, "nitakukuta hospitali kitanda cha jirani. Rudi nyuma."

Akaomba boksi la pampu. Lilikuwa chini ya kitanda cha mwenye nyumba, ameshaanza kuwekea viatu. Chini ya viatu kulikuwa na kijitabu, bado kiko ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa na mtu. Inspekta akakichana kwa meno.

Picha ya kwanza ilionyesha pampu juu ya ardhi, na mistari miwili. Mmoja ulishuka: kuvuta, mita saba. Mwingine ulipanda: kusukuma, mita thelathini. Picha ya pili ilikuwa ya pampu ndani ya shimo, na juu yake msalaba mkubwa mwekundu. Pembeni walichora mtu amelala, macho yamefumbwa.

Simu yake ikalia. Alikuwa daktari.

"Afande, damu imejibu. Ni hewa ya sumu ya moshi wa injini, nyingi sana. Haina rangi, haina harufu, ndiyo maana mtu hashtuki. Tumemwekea oksijeni tangu alipofika."

"Ataishi?"

"Baada ya saa moja nitakupa jibu la uhakika. Chai haihusiki, kama ndicho unachouliza."

Inspekta alipenda kumwambia mke wa seremala palepale. Lakini nusu ya habari ingeweza kuwa mbaya kuliko kimya. Alimwambia tu: "Mnyonyeshe mtoto. Mlango wako usifungwe tena na mtu yeyote." Na mwenye nyumba akaitoa kufuli kwenye komeo bila kuambiwa mara ya pili.

Duka la vifaa vya maji lilijaa mabomba mpaka mlangoni. Profesa alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamume mwenye mwili jumba na kalamu tatu mfukoni. Viganja vyake vyote viwili vilifungwa bandeji.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

Inspekta alikuwa amevaa kiraia. "Nataka pampu. Kisima changu kina mita kumi na moja kufika kwenye maji."

"Umefika." Akapiga boksi kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilimuuma. "Hii inavuta mita thelathini. Imeandikwa hapa, mita thelathini."

"Mikono imefanya nini?"

"Bati. Bati hili la dirishani."

"Bati limekata viganja vyote viwili, sawasawa, katikati?"

Profesa akacheka bila kucheka. "Ndiyo hivyo, mama."

"Na ile pale chini ya gunia, mbona inadondosha maji?"

Inspekta akapita nyuma ya kaunta, akafunua gunia. Pampu ilikuwa na matope miguuni, ubavu mmoja mweusi kwa masizi, na kamba bado imefungwa kwenye mpini wake. Akatoa kitambulisho, akakiweka kwenye kaunta. Kando yake akaweka kijitabu.

"Soma picha ya kwanza."

Profesa akasoma. Midomo ilicheza.

"Kuvuta ni ngapi?"

"Saba."

"Na thelathini ni ya nini?"

"Ya... ya kusukuma kwenda juu."

"Miaka mingapi unauza pampu?"

"Sita." Akakaa juu ya gunia la saruji. "Miaka sita, afande, na sikuwahi kukifungua kitabu hata siku moja. Watu wanauliza, mimi najibu. Wananiita Profesa. Profesa atasomaje kitabu mbele ya wateja?"

"Endelea."

"Juzi tuliiwasha juu, ikanguruma bila hata tone. Wapangaji wamesimama na ndoo zao, wananitazama. Nikaona nitaumbuka. Nikamwambia shemeji, hewa imeingia, tuisogeze karibu na maji. Akatengeneza jukwaa. Jana, watu wote walipokwenda kazini na sokoni, tukaishusha kwa kamba na kapi, tukafunika kisima, maji yakaja! Watu waliporudi wakakuta ndoo zimejaa, wakapiga makofi, afande. Yeye akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni jua."

"Na leo?"

"Chujio lilikuwa limeziba. Akataka tuzime injini kwanza. Nikamwambia usizime, itasumbua kuwaka. Mimi ndiye niliyemwambia." Akafunika uso kwa bandeji. "Tulishusha taa ya mafuta, ikawaka vizuri, tukajua hewa ipo. Akashuka na kamba makwapani. Kidogo tu, namwita, haitiki. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kamba ikanila viganja. Nikamlaza, nikavuta na pampu, nikagonga mlango wa watu. Nikakimbia nayo pampu."

"Ukamwacha."

"Nikamwacha."

"Na uliposikia dada yako anaitwa muuaji?"

Hapo Profesa alilia kama mtoto. "Nilisema nikimaliza tu kuisafisha pampu nitakwenda kusema. Kisha nikasema mchana. Kisha nikasema akiamka."

"Ulikuwa unalinda nini?"

"Jina."

"Lipi?"

"La Profesa."

Inspekta hakumfunga pingu mbele ya wateja. Hakuwa na sababu ya kumwongezea aibu. Aliandika maelezo, yakasomwa, yakatiwa saini kwa taabu na kidole gumba kilichobaki nje ya bandeji. Kosa lilikuwa ni kosa, mahakama ingesema yake.

Walimwacha Profesa kituoni, na Inspekta na Koplo walikuwa njiani kumfuata mke wa seremala daktari alipopiga tena: seremala amezinduka. Inspekta alisimamisha gari pembeni ili asikie vizuri yaliyobaki. Kisha akaegemea usukani, akacheka peke yake, Koplo akamtazama kwa wasiwasi.

Hospitali waliingia pamoja, Inspekta, mke na mtoto mgongoni. Seremala alikuwa na kifuniko cha oksijeni puani. Akakishusha kidogo.

"Mke wangu, umeona? Nilikwambia sijanywa."

Mke alimpiga kofi la begani, kisha akalala kifuani pake akalia kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Muuguzi aliwaacha. Baadaye kidogo seremala akauliza, "Shemeji yuko salama? Asije akashuka kunitafuta."

Njiani Inspekta alikuwa amekwisha kumweleza mke habari zote za kaka yake. Mke wake alifuta macho kwa pembe ya khanga. "Yupo," akasema. "Nitamwona kesho. Leo siwezi."

Wiki mbili baadaye kisima kiliwekwa pampu ya umeme ya kuzama, yenye kifaa cha kuizima yenyewe maji yakipungua. Safari hii walipima kwanza, wakanunua baadaye. Fundi wa umeme ndiye aliyeifunga, naye alisoma kijitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, wapangaji wamesimama na ndoo na hakuna aliyemharakisha. Maji yalipotoka, mwenye nyumba alijaza ndoo ya kwanza akaibeba mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha tatu.

Seremala alitengeneza mfuniko mpya wa kisima. Inspekta, ambaye hakulala vizuri mpaka alipokwenda kukitazama kisima cha kwake pia, aliandika juu ya mfuniko huo kwa rangi nyekundu, kwa herufi za kusomeka na mtoto wa darasa la tatu:

Usishushe injini ya petroli kisimani. Usiiwashe chumbani pia, hata mlango ukiwa wazi.

Usinunue pampu kabla ya kupima maji yako chini kiasi gani, tena pima kiangazi.

Usichanganye kuvuta na kusukuma. Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti zaidi ya mita saba hivi, hata iwe kubwa vipi.

Usiamini taa kuipima hewa. Inawaka na moshi unaua.

Usidharau kichwa kinachouma karibu na injini. Toka nje, nenda hospitali.

Usimfuate aliyeanguka ndani. Vuta kamba, piga kelele, ita watu.

Usiiache pampu ya umeme izunguke kavu. Usiiguse kabla ya kuzima umeme.

Usiweke viatu juu ya kijitabu.

Usimfungie mtu mlango kwa maneno ya sokoni.