Weusi wa Skrini ya Tatu

Jioni ile Obedi alitoka kiwandani na kwenda moja kwa moja Buzuruga kutafuta skrini. Hata kuoga hakuoga. Mikono yake bado ilinuka minofu ya sangara.

Ile runinga ya nyumbani ilikuwa imemshinda. Yeye na dada yake Rose walikuwa wameanza gemu moja ya kutisha, ya mgodi wa zamani usio na taa, wakifika kazini wanasimuliana kama watu waliokwenda safari. Walikuwa wamebakiza ngazi ya chini kabisa. Halafu Rose akashikwa na homa Jumapili, Jumanne akazikwa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, nyumbani kwa baba yao mdogo, Shimba. Homa ya siku mbili tu.

Obedi alijiapiza kuimaliza peke yake. Lakini kila akishuka kule chini, runinga ilimwonyesha ukungu wa kijivu, na kitu asichokiona kikamuua.

Muuzaji, Faisal, alimsikiliza huku akifuta vumbi mezani.

"Watu wengi wananunua mwanga, kaka. Kwa gemu za giza unanunua weusi."

Akavuta mlango, akazima taa ya duka, akawasha skrini tatu zenye picha ileile ya usiku. Ya kwanza weusi wake ulikuwa kama majivu. Ya pili ilijitahidi, ila pembeni mwanga ulivuja, na kilichotembea gizani kiliacha mkia nyuma yake.

Ya tatu, Obedi hakujua kama imewashwa.

"Imewaka?"

"Imewaka. Penye giza inajizima kabisa. Angalia pale chini."

Akaangalia. Taratibu, ndani ya ule weusi, akaona ngazi. Akaona tope juu ya ngazi. Akaona weusi juu ya weusi mwingine.

"Naichukua hii."

Faisal alikuwa anaifunga kwenye boksi aliposita.

"Mwanga wake usiupandishe sana."

"Itaungua?"

"Sijui. Ni maneno ya dada mmoja aliyeileta kuuza. Alivuka nayo kutoka Kamanga. Aliiacha hapa akalia, halafu hakugeuka nyuma."

Walikuwa wamekwisha kula, mama yake, Getruda, yuko uani anasuuza vyombo, Obedi alipofunga pazia na kuketi. Aliweka mwanga chini kabisa. Akashuka mgodini.

Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ile korido iliyokuwa ikimuua sasa aliiona yote hadi ukutani. Akaipita. Akacheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka mdomoni kwa sababu hakuwa na wa kucheka naye.

Chini kabisa palikuwa na mlango. Akausukuma.

Kwap.

Akatulia.

Kwap... kwap...

Sauti ya jembe likiingia ardhini.

Halafu ikaja harufu. Udongo mbichi, na mgomba unaooza. Ilitoka mbele yake, penye skrini.

Pale gizani kulikuwa na mtu ameinama, amempa mgongo. Analima. Hakulima kama picha ya gemu. Alilima kama mtu aliyechoka.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama Getruda alisimama kizingitini, mikono inachuruzika maji.

"Gauni lile," alinong'ona. "Lile nililishona mimi."

Ndilo walilomzika nalo Rose.

Yule mtu akaacha kulima. Hakugeuka.

"Kaka," ikasema sauti, ndogo kama iliyofunikwa na blanketi. "Usiongeze mwanga."

"Rose?"

"Usiongeze. Wataniona nimesimama."

Mama alikwisha piga magoti mbele ya skrini, kiganja kwenye kioo.

"Ongeza, Obedi. Nimwone uso."

"Mama, amesema..."

"Nimemzaa mimi! Nimwone uso tu."

Obedi alikishika kidude cha kupandishia mwanga na kukificha nyuma yake. Angekishikilia, lakini mama yake alimtazama kwa macho yaleyale ya siku ya mazishi. Vidole vyake vikalegea. Mama akakichukua, akabonyeza.

Mara moja. Mara mbili. Akabonyeza asiachie.

Weusi ukafifia, shamba likajitokeza. Hawakuwa mmoja. Walikuwa mstari mrefu wa watu, wanaume kwa wanawake, wameinama na majembe.

Wote wakaacha kulima.

Wote wakageuka.

Mwisho wa mstari mzee mmoja aliketi kwenye kigoda. Naye akageuza shingo, polepole, kama mtu aliyesikia jina lake.

Alikuwa Shimba.

Simu ya mama ikaita.

Jina lililotokea: Shemeji Shimba. Mama hakuweza kuinyanyua. Obedi ndiye aliyepokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Nyuma ya sauti yake majembe yalikuwa yameanza tena. Kwap. Kwap. "Mbona mnatuchungulia?"

Ikakatika. Kwenye skrini mstari ulikuwa umeinama kama mwanzo, ila pale aliposimama Rose palikuwa patupu.

Asubuhi walivuka kwenda Kamanga kwa kivuko cha kwanza. Shimba aliwapokea kwa furaha, akawakalisha, akaagiza uji. Kuhusu simu alicheka: ilimpotea wiki iliyopita, nao wamwambie nani anaitumia. Shamba nyuma ya nyumba lilikuwa limepaliliwa lote, safi, na hakuwa na kibarua hata mmoja.

Mama Getruda hakugusa uji.

"Shemeji, nataka kumwona mwanangu."

Obedi alitegemea ugomvi. Shimba akaingia ndani, akatoka na jembe, akampa Obedi.

"Chimbeni. Ni mwenu."

Obedi alichimba kaburi la dada yake mpaka udongo ukamfika kiunoni. Ulikuwa laini kuliko alivyotarajia. Jembe lilipogonga ubao wa jeneza, mama akaudaka mpini.

"Acha."

"Tumefika, mama."

"Acha, nimesema. Tukimkuta humu, jana tulimwona nani? Na tusipomkuta..."

Wakafukia, wote wawili, kwa mikono. Shimba aliwatazama kutoka kwenye kigoda chake.

Gemu Obedi hakuigusa tena. Lakini skrini mama alikataa isirudishwe dukani. Miezi imepita, na kila jioni huketi mbele yake, mwanga chini kabisa, akisikiliza ule weusi. Hakuna sauti. Hakuna harufu. Obedi akimsihi akalale, humjibu kwamba shamba limelala, ni kiangazi, nani hulima kiangazi? Mvua zikinyesha watarudi.

Jana alasiri wingu lilipanda kutoka ziwani, upande wa Nansio, na matone ya kwanza yakagonga bati.

Mama Getruda aliinuka, akafunga pazia.