Mwali Uliovuta Pumzi

Spika ilikuwa imezimwa, waya wake umechomolewa, lakini mwali wa moto ulikuwa ukichezacheza.

Sumire aliuinamia. Kazi ya maabara ile ya mjini Sapporo ilikuwa kuusumbua moto: gesi hutoka kwenye mabomba mawili yanayotazamana, mwali mwembamba wa buluu hukaa katikati, kisha spika huitikisa gesi mpaka ijulikane mtikisiko upi unauzima. Spika ikinyamaza, mwali hutulia. Huu ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu, na chumba kilinuka udi.

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, akamgeukia mwenzake.

"Kambara, umechezea mtambo wangu?"

"Mimi? Dada, hata chai sijanywa. Usinianze asubuhi yote hii."

Hakumwamini hata chembe. Majaribio yake yalikuwa yakiharibika mfululizo, na Kambara ndiye aliyeutamani mtambo ule.

"Kaa hapa nikuone. Mikono mezani."

Kambara akakaa, amenuna. Mwali ukapanda, kifua chake kikapanda. Ukashuka, nacho kikashuka. Sumire akautazama mwali, akakitazama kifua.

"Hema haraka haraka," alinong'ona.

Akahema. Mwali nao ukaenda mbio. Harufu ya udi ikamkumbusha Sumire siku ya maombi ya marehemu.

"Tulipomwombea Mzee Inomata humu ndani, mshumaa wake aliuzima nani?"

Inomata alikuwa fundi wa mabomba yale mpaka mapafu yalipomuua.

"Mimi."

"Kwa mkono?"

"Niliupuliza. Nilikuwa na haraka, dada."

Jamani! Mshumaa wa marehemu hupepewa kwa mkono, haupulizwi kwa kinywa kinachosengenya watu. Hata mtoto mdogo anajua.

Hapo mabomba yakaanza kukoroma kama mzee mwenye pumu, mwali ukasinyaa, ukajikunja kingo, na Kambara akajishika koo, midomo ikimgeuka rangi, huku Sumire, ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa akimwona adui, akiufungulia moto gesi kidogo kidogo, akijua kwamba ukizima, na Kambara amezima, akipiga simu kwa mkono wa pili, akimlilia mtawa wa hekalu la jirani aje upesi.

Mtawa alikuja, akasoma dua zake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Omba radhi, mwanangu. Halafu uuzime inavyostahili."

"Mzee Inomata, nisamehe," Kambara alilia, akaupepea mwali kwa mkono.

Mwali ukazimika. Sumire akafunga gesi, akafumba macho, akingoja kusikia mtu akianguka.

"Mbona umefumba macho? Mzima mimi!"

Sumire alimkumbatia huku akilia, kwa furaha na kwa aibu ya kumshuku bure.

Wakamsindikiza mtawa nje, kwenye theluji. Mtawa aliaga, mvuke wa pumzi ukamtoka kinywani kwa baridi. Sumire akashukuru, naye mvuke ukamtoka. Kambara alisimama katikati yao, akisimulia na kucheka kwa sauti kubwa, na mbele ya kinywa chake hapakuwa na mvuke wowote.