Glasi Iliyofunikwa kwa Piontek

Harufu ya samaki wa kukaanga iliingia katika chumba cha kuchorea cha Verna Jarosz siku ya Jumanne, na huku kwetu Rozell, Wisconsin, samaki ni wa Ijumaa, hakuna mtu mwenye akili timamu anayewakaanga Jumanne. Verna akaweka brashi chini. Akanusa mikono yake, akanusa shali yake, akaenda jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Mumewe Rollie alikuwa amejilaza kwenye kochi, televisheni ikijisemea peke yake. Aliporudi chumbani harufu ilikuwa bado ipo, na sasa imechanganyika na moshi wa sigara na brandi. Akasogea karibu na mchoro wake. Ilikuwa inatoka humo.

Verna mnamjua, au mnamjua wa aina yake. Alipostaafu kazi ya jikoni shuleni alianza kuchora sehemu zilizobomolewa. Alichora mgahawa wa Tilly pale relini. Alichora mgahawa wa Frostina, pale tulipokuwa tukikaa ndani ya gari na wasichana wenye viatu vya magurudumu wakituletea chakula dirishani. Michoro ikatundikwa maktaba, na wanaume wazima wakasimama mbele yake wakifuta machozi kwa mikono ya makoti. Mimi niliwahi kumwambia kuwa vitu vingine viachwe tu vipotee, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Alikuwa na imani moja: kilichochorwa hakifi.

Baada ya hapo watu wakamwomba awachoree baa ya kwa Piontek, ile ambayo sasa ni maegesho ya duka la dawa. Verna hakuipenda baa hiyo hata siku moja. Ndiyo iliyokaribia kumla mumewe. Rollie aliacha pombe zamani, akaiacha kabisa, lakini ini lilishaharibika, na daktari aliwakalisha wote wawili akawaambia bila kupamba: akirudia, hata kidogo, mtazika. Verna alishika maneno hayo kama wengine wanavyoshika sala. Hata keki ya Krismasi nyumbani kwao haikutiwa brandi, na huku kwetu hilo ni jambo la kusemwa.

Lakini watu walimbembeleza, akakubali. Bernadine Piontek, mwenye baa, ambaye wote tulimwita Bernie, akampa picha aliyoipiga mwenyewe asubuhi moja kabla ya kufungua. Verna akachora kila alichokiona: msumari ukutani, ufa wa kioo, kikombe cha ngozi cha kutikisia dadu. Na juu ya kaunta, mbele ya stuli ya mwisho, akachora glasi ndogo iliyofunikwa kifudifudi. Alidhani imeoshwa, inakaushwa. Mnywaji yeyote wa Rozell angemwambia asiichore, ila yeye hakuwa mnywaji, na hakuuliza.

Jumatano jioni, mida ile watu wa kiwanda cha karatasi walipokuwa wakitoka kazini, alisikia dadu zinatikiswa. Zikatikiswa, zikagongwa kwenye mbao, zikanyamaza. Alipoingia chumbani alimkuta Rollie amesimama mbele ya mchoro, amevaa koti na kofia ya kutokea.

"Unaenda wapi, Rollie?"

"Siendi popote." Hakugeuka. "Nani kaniwekea hiyo?"

"Ipi?"

"Hiyo glasi. Hiyo ni stuli yangu, Verna."

"Si glasi tu? Ipo kwenye picha."

Rollie akavua kofia akaishika kifuani, kama yuko msibani. "Kwa Piontek, mtu akikununulia kinywaji wakati bado unacho kingine, Bernie anakufunikia glasi mbele yako. Maana yake, chako kipo, kinakungoja. Haiondolewi mpaka uinue mwenyewe, unywe. Hiyo ni ya Emil."

Emil Stachowiak alikuwa rafiki wa Rollie tangu utotoni, wakifanya kazi kwenye mashine moja kiwandani. Alikutwa ameganda kwenye theluji kando ya barabara ya kiwandani, na Rollie hakuwahi kulizungumzia.

"Usiku ule ndio nilioacha," Rollie akasema kwa sauti ya chini. "Aliponinunulia, nikainuka nikaondoka. Sikumuaga. Siku zote mimi ndiye nilikuwa nampeleka kwake, yeye alikuwa haoni vizuri gizani. Alingoja, akafikiri niko chooni. Halafu akatoka peke yake kwa miguu."

"Hukumuua wewe."

"Sikusema nilimuua. Nimesema alingoja."

Rollie alipolala, Verna alichukua kitambaa na dawa ya kusafishia brashi akaifuta ile glasi, akapaka rangi ya mbao juu yake hadi kaunta ikawa safi. Asubuhi glasi ilikuwa imerudi. Rangi yake haikuwa mbichi, ilikuwa imekauka kitambo. Na kwenye stuli ya jirani, ambayo yeye aliiacha tupu, kulikuwa na mgongo wa mtu mwenye koti la mirabaraba na kofia ya kufunika masikio, na mabega ya koti lile yalikuwa meupe kwa theluji. Verna akaubeba mchoro mzimamzima, akaupeleka kwenye banda la gari, akaugeuzia ukutani na kuufunika kwa blanketi.

Mchana ule alikuwa anamenya viazi, Rollie nyuma yake akisoma gazeti mezani, na kwanza akasikia gazeti limeacha kugeuzwa, kisha akasikia nyayo nzito zenye maji, chwa, chwa, zinatoka upande wa banda, zinapita ukumbini bila haraka kama za mtu aliyezoea nyumba, na ile harufu ikaja mbele ya nyayo, brandi na sufu iliyolowa na moshi, na alitaka kugeuka lakini shingo haikumsikiliza, akabaki amekodolea kiazi mkononi mwake huku kiti cha pili kikivutwa pale mezani, kikilalamika chini ya uzito wa mtu, na kitu kidogo cha kioo kikiwekwa juu ya mbao taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyomwekea rafiki yake. Alipogeuka, Rollie alikuwa peke yake. Mbele yake ilikuwepo glasi ndogo imefunikwa, ina ukungu wa baridi, na mkono wa Rollie ulikuwa juu yake.

"Rollie. Toa mkono."

"Nina kiu, Verna." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Sijawahi kuwa na kiu kama hii. Ananiambia ni moja tu."

Verna alimshika kifundo cha mkono akauvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka pamoja na kiti. Aliichukua ile glasi kwa taulo akaitupa nje kwenye theluji. Aliporudi ilikuwa mezani, imefunikwa, mahali palepale.

Alimfungia Rollie chumbani, akachukua ufunguo, akaendesha gari hadi kwenye nyumba ya wazee anakokaa Bernadine. Alimkuta dirishani anacheza karata peke yake na kujiibia. Verna akamweleza yote kwa mkupuo. Alidhani mama yule atamcheka.

"Dada Bernie, nifanyeje? Niuchome?"

"Ukiuchoma utaondoa baa. Emil kishatoka humo, atabaki kwako." Bernadine akakusanya karata. "Picha ile niliipiga asubuhi iliyofuata usiku ule, kabla hatujajua Emil kapotea. Ningekumbuka kuwa glasi ipo, nisingekupa. Uzee huu bwana."

"Nikiinywa mimi?"

"Hujanunuliwa wewe. Utakunywa, naye atamwekea nyingine. Emil hakuwa mchoyo, ndiyo tabu yake." Alifikiri kidogo. "Lakini baa ni yangu. Glasi siwezi kuiondoa, ila kufunga naweza. Nikishasema tumefunga, hata kama kinywaji kipo mbele yako, unatoka. Sijapata kubishiwa na mlevi, mzima wala mfu. Nipe aproni yangu, ipo kwenye hiyo droo."

Walirejea jua linazama. Kwa maelekezo ya Bernadine, Verna aliurudisha mchoro ndani, akauweka jikoni, akaanza kuchora haraka: taa zote za baa zimewashwa, na stuli moja baada ya nyingine imepinduliwa juu ya kaunta miguu juu, kama Bernie alivyokuwa akizipanga kila siku wakati wa kufunga. Bernadine naye alikuwa anapindua viti vya jikoni juu ya meza. Rollie walimfungulia chumbani, akasimama mlangoni mwa jiko. Ilipobaki stuli ya yule mwenye koti la mirabaraba, Verna akashindwa. Kila akigusa hapo, brashi ilirudi imelowa maji.

Bernadine akafunga aproni. Akawasha taa zote, akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza akiizunguka ile glasi.

"Haya jamani, tumefunga," akasema, na sauti haikuwa ya bibi wa nyumba ya wazee. "Emil, mpenzi, umeshakaa vya kutosha. Nimechoka, miguu inaniuma. Nenda nyumbani."

Kisha kiti kimoja tu kilichobaki chini kikasogea nyuma. Nyayo zikavuka jiko polepole, zikapita kando ya Rollie, na Rollie akafumba macho. Glasi haikuwepo tena mezani, imebaki alama ya maji tu, nayo Bernadine akaifuta. Verna akatazama mchoro: stuli ilikuwa tupu. Akaipindua kwa mipigo michache ya brashi huku analia kwa furaha, hajali kamasi wala nini.

Mlango wa mbele ukafunguka. Baridi ikaingia, ikaendelea kuingia, na mlango haukufungwa. Nyayo zilikuwa zimesimama pale kizingitini.

"Mbona haendi?" Verna akanong'ona.

Bernadine akatazama nje. "Giza limeshaingia. Hana wa kumpeleka."

Rollie alikuwa tayari anavaa koti. Verna akamkamata mkono.

"Hapana. Hapana, Rollie, muache atembee."

"Nilishamuacha atembee."

"Utarudi huna akili. Utarudi umekunywa."

"Mke wangu, sina kiu." Akamshika uso kwa mikono miwili, na kweli, mikono haikutetemeka, na macho yalikuwa yake, ya siku zote. "Imekwisha, sijui vipi, imekwisha. Namfikisha tu. Nikishamfikisha hatakuwa na sababu ya kuja tena, na mimi nitalala. Sijalala miaka yote hii, Verna, nadhani unajua."

Alijua. Akamwachia. Walimtazama kupitia dirishani akifungua kwanza mlango wa abiria, akasimama akiushikilia, akangoja kama unavyomngojea mtu mzito kuingia, akaufunga taratibu. Gari likainama upande wa abiria. Kisha taa nyekundu zikapotea kwenye kona ya kanisa la Mtakatifu Kasimir.

Wale wanawake wawili walikaa jikoni, wakashusha viti, wakanywa kahawa ambayo hakuna aliyeisikia ladha. Verna alisali. Bernadine alikaa tu akitazama barabara. Gari liliporudi Verna alikimbia nje bila viatu vya theluji, akamnusa mumewe mdomoni kama mtoto anavyonuswa. Hakuna. Wala harufu ya sigara. Rollie alikuwa anatabasamu, amechoka, ana wekundu mashavuni, na Verna akamkumbatia mpaka akamuumiza mbavu.

"Kafika?"

"Kafika salama." Rollie akaketi, akanyoosha miguu. "Njia nzima hakusema neno. Nilipomfungulia mlango akanishukuru. Sauti yake ni ile ile, Bernie, ungelia."

"Ulimpeleka wapi, Rollie?" Bernadine akauliza.

"Kwake."

"Kwake nyumba ile iliuzwa. Wapi?"

Rollie akawatazama kama hawaelewi lugha. "Kwake. Kule juu makaburini, safu ya nyuma, karibu na uzio. Akanikaribisha ndani."

Verna akakaa polepole.

"Mtu amekukaribisha mlangoni kwake, utamkatalia uso kwa uso?" Rollie akasema, akiwa bado anatabasamu, akianza kufungua kamba za viatu. "Ingekuwa aibu, baada ya yote yale. Nikamwambia leo mke wangu ananingoja. Nikamwambia nitakuja kesho."